Gaudreau, Aitwaye Sansoucy

Jumanne, 7 Machi 2017

Maktaba ya chuo kikuu tena. Basi hadi Braamfontein, ngazi ishirini na mbili, pumziko moja katikati. Wanjiru, mkutubi Mkenya anayeniruhusu kuingia ingawa mimi si mwanafunzi wala mhadhiri wa pale, alikuwa ameniwekea kompyuta ya dirishani.

"Mama Mwalimu! Babu wa Kanada ameonekana ama bado anahepa?"

Bado anahepa.

"Wanaume ni wale wale," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Saa tatu nzima za vitabu vya ubatizo. Picha za kurasa tu, za parokia za Kebeki, kuanzia 1860 hadi 1875. Sansoucy, Sansouci, Sans-Soucy. Mapadre wale waliandika kama kuku aliyekanyaga wino. Hakuna Louis hata mmoja.

Nayaandika tena ninayoyajua, nisije nikayachanganya na ninayoyatamani. Baba yangu, Leo, alizaliwa misheni, upande wetu wa Ziwa Tanganyika, karne ya kumi na tisa ikielekea mwisho. Mama yake, Kalwa, aliwapikia mafundi waliokuwa wakijenga kanisa. Baba yake alikuwa seremala mzungu aliyeletwa na mapadre. Hakuwa Mbelgiji. Alisema ni Mkanada na anaitwa Luwi Sansusi. Aliondoka kabla mtoto hajaanza kutambaa. Kitabu cha misheni kimeandika kwa Kilatini: *patre ignoto*. Baba hajulikani.

Hayo tu. Na neno moja, "Sandamasi", alilolitamka kila alipojigonga kidole kwa nyundo. Bibi Kalwa alidhani ni tusi la kwao, akawakataza wanawe kulisema.

Alhamisi, 16 Machi 2017

Sauti ya kaka Jerome kwenye simu, kutoka Kalemie. Amerekodi dakika sita, nne kati ya hizo ni kikohozi na majogoo. Figo. Daktari anazungukazunguka tu. Kaka ana miaka themanini na moja na hana subira ya kuzungushwa.

Anataka kaburi la Baba litiwe saruji. Msalaba wa mti umeliwa na mchwa mara nne, na mara zote nne wameandika upya neno lile lile moja: LEO. Kama mbwa, anasema Jerome. Kama mtu asiye na upande wa pili.

"Gode, minataka nisome jina la baba yetu na macho yangu. Kisha nitaenda, sitasumbua mutu."

Najua kwa nini ni LEO tu. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tano, nasoma kwa masista, wa kwanza katika darasa la Kifaransa. Katekista alikataa kuandika Sansusi. Alisema hilo si jina, ni maneno. Wakaniita mimi, msomi wa ukoo, mbele ya watu wote. Nikasema kwa sauti safi ya shuleni: ndiyo, *sans souci* maana yake "bila wasiwasi".

Watu walicheka msibani. Mzungu amemwambia mpishi wake kwamba anaitwa Bila Wasiwasi, akaenda zake bila wasiwasi. Tangu siku hiyo sisi ni wana wa Bila Wasiwasi. Binamu zetu hawajachoka kututania mpaka leo.

Jerome hajawahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Jumamosi, 6 Mei 2017

Nimempata. Louis Sansoucy, amebatizwa 1868, baba yake seremala. Seremala! Nimesoma mara tano, mara ya tano nikiwa nimevua miwani na kuikaribia kioo kama mjinga.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilimpigia Jerome nikiwa kituoni, mabasi yakipita. Nikasikia anaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja.

Nimerudi nyumbani Yeoville kwa miguu kutoka kona ya juu, nikawasalimia hata watu nisiowapenda.

Jumatatu, 17 Julai 2017

Baridi. Maktabani nilikaa na koti.

Nilikuwa natafuta ndoa ya Louis wangu. Nikakuta mazishi yake. Kijiji kile kile, wazazi wale wale. Umri: miaka minne. Padre ameandika mistari mitatu, na shahidi ni baba yake, ambaye hakujua kusaini.

Mtoto wa miaka minne hajajenga kanisa lolote.

Kosa langu ni la mwanafunzi. Nilipata nilichotaka nikaacha kusoma. Ningemkuta mtoto akifanya hivyo ningemrudisha mwanzo wa ukurasa.

Jerome alikwisha mwita fundi wa saruji. Zaidi ya miezi miwili ametembea mtaani akilisema jina hilo.

Jumatano, 19 Julai 2017

Nimemwambia. Nilijipa siku mbili, na siku mbili zilikuwa woga mtupu.

Hakukasirika. Alisema, "Acha, Gode. Njo vile. Alidanganya." Halafu akanieleza kuhusu bei ya samaki, na mimi nikamsikiliza habari za samaki.

Baadaye mwanawe akaniandikia kwamba binamu yetu Faustin amekwisha sikia, na amesema barazani: "Bila Wasiwasi hajulikani hata kwao!" Jerome alikuwepo. Amemwambia fundi aandike LEO tu, kama zamani, lakini asianze. Angoje.

Angoje nini, hakusema.

Jumatano, 20 Septemba 2017

Siendi maktaba tena. Wanjiru amepiga mara mbili, sikupokea. Ni utovu wa adabu, najua.

Leo Pretoria, kuhuisha karatasi ya ukimbizi. Foleni tangu alfajiri. Fomu ni ile ile niliyoijaza mara ya kwanza miaka karibu ishirini iliyopita. Jina la ukoo. Jina la kwanza. Halafu kisanduku: majina mengine unayojulikana kwayo. Pale huwa napiga mstari kwa rula. Nimepiga.

Jioni mjukuu wangu Naomi aliniuliza kwa Kiingereza kama tumeshakuwa Wakanada. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hatujawa. "Eish, Gogo," akasema, kama wanavyomwita bibi hapa, "na mimi nilishaanza kuzoea baridi."

Nimecheka. Mara ya kwanza mwezi huu.

Jumamosi, 11 Novemba 2017

Papa Tournevis amefariki. Fundi redio wa mtaa wa nyuma, mtu wa Lubumbashi, bisibisi daima mfukoni mwa shati, ndiyo maana ya jina. Miaka kumi na saba nimempelekea redio yangu ile ile.

Tulikwenda wanawake wanne kuuchukua mwili. Karani wa chumba cha maiti akapitisha kidole kwenye orodha, mara mbili. Hakuna Tournevis hapa.

Mama Sifa, mkubwa wetu, akapandwa na hasira. "Hayuko namna gani? Tulimuleta sisi! Angalia vizuri, mwanangu, ni mwanaume munene, ana kitambi!"

Karani akasema wana wanaume wanene wengi. Jina la kwenye karatasi ni lipi?

Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Wanne sisi, miaka kumi na saba. Mama Sifa akaanza kucheka huku akilia, tukaangua kicheko sote, pale pale mbele ya karani. Ilibidi kumpigia mtoto wa marehemu. Akatuma picha ya tangazo la msiba: *Mukalay Ngoy dit Tournevis*.

"Alikuwa hapa muda wote," akasema karani. "Mlikuwa mnamtafuta kwa jina la pili."

Sikumbuki tulivyotoka. Nilikuwa natazama lile neno dogo kwenye simu. *Dit*. Aitwaye.

Jumapili, 12 Novemba 2017

Sikwenda kanisani. Nimetoa madaftari yote ya utafiti, nikayapanga kitandani kwa tarehe.

Daftari la kwanza, Agosti mwaka jana, ukurasa wa tisa. Mwandiko wangu mwenyewe:

*Louis, 1869, mwana wa seremala. Gaudreau dit Sansoucy. SIYE. Jina la utani tu.*

Nimelikata kwa mistari miwili. Kwa rula.

Nililiona *dit* nikalisoma kama Mkongo. Kwetu kila mtu ana *dit* yake: mcheza mpira, mlevi, fundi redio. Jina la mtaani. Haliendi kwenye karatasi, haliendi kwa watoto. Kwa hiyo nilidhani huyu ni Gaudreau fulani aliyetaniwa, nikaenda kuwatafuta Sansoucy wa kweli. Mwaka na zaidi.

Pembeni, kwa herufi ndogo, nimenakili jina la parokia, kwa kuwa mimi hunakili kila kitu. *Saint-Damase.*

Jicho lilisoma, sikio halikusikia. Leo nimelisema kwa sauti, peke yangu chumbani, ingawa Bibi Kalwa alilikataza.

Sandamasi.

Halikuwa tusi. Mtu akijiumiza huita kwao.

Jumanne, 14 Novemba 2017

Nimemwomba Wanjiru radhi. Akasema mtu hawezi kukasirikiana na mama aliyemletea vitumbua, na vitumbua viko wapi. Sikuwa navyo. Nitavipeleka Alhamisi.

Yeye ndiye aliyenitolea kitabu chenye maelezo. Wanajeshi wa zamani wa Ufaransa walipewa kila mmoja jina la vita: Bila Wasiwasi, Moyo Mzuri, Ua. Wakabaki Kanada, wakaoa, na jina la vita likawashikilia watoto na wajukuu sambamba na la ukoo. Ndugu mmoja anazikwa Gaudreau, mwingine Sansoucy, mwingine yote mawili. Na faharasa ya vitabu hivi hufuata lile linalotangulia peke yake. Ningetafuta S mpaka nife.

Safari hii sijampigia mtu. Nimefuata ukurasa kwa ukurasa. Louis Gaudreau dit Sansoucy hakufa mdogo. Kuna ndoa, 1904, ameandikwa *menuisier*. Seremala. Kati ya ubatizo na ndoa hakuna kitu, miaka thelathini na mitano mitupu. Ukimya si ushahidi.

Nimewaandikia parokia.

Ijumaa, 24 Novemba 2017

Amejibu mama mmoja anayejitolea kutunza kumbukumbu za parokia, Madame Ginette. Barua fupi, nzuri, ya mtu aliyesomeshwa na masista kama mimi. Anasema kijitabu chao cha zamani kinamtaja: seremala Louis, aliyekaa Afrika miaka kadhaa akiwajengea mapadre kando ya ziwa kubwa, akarudi na homa ambazo hazikumwacha. Ndiye aliyechonga mabenchi ya kanisa lao. Wanayakalia mpaka leo.

Alioa, akapata watoto watano. Wa kwanza, Léon.

Nimeiacha barua mezani nikaenda sokoni. Nilisimama kwenye robot ya kona, taa ya barabarani, ikawaka kijani, ikawaka nyekundu, na mimi bado nimesimama. Hasira. Watano walikaa kwenye meza aliyoichonga. Baba yangu alijifunza useremala kwa kutazama madirisha ya misheni.

Kuhusu Léon: Papa aliyefariki mwaka mmoja kabla ya ndoa ile alikuwa Leo, na nusu ya watoto wa Kikatoliki duniani waliitwa hivyo. Sitajenga nyumba juu ya hilo.

Mwishoni Madame Ginette anauliza kwa heshima kwa nini namtafuta Louis. Nitamjibu. Bado sijui sentensi ya kwanza.

Jumatano, 29 Novemba 2017

Sentensi ya kwanza: *Mimi ni mjukuu wake.* Nimeandika, nimetuma, nimefunga kompyuta kabla sijaongeza maelezo.

Jumanne, 9 Januari 2018

Madame Ginette amechukua wiki sita. Amepiga picha ukurasa wa kijitabu na benchi moja. Chini ameandika: *Hatukujua. Sasa tunajua.* Jina la misheni kwenye ukurasa ule ni letu, herufi kwa herufi.

Sasa ndipo nikampigia Jerome. Nilimwambia polepole, nikianza na karatasi, nikimalizia na mabenchi. Alinikatiza mara moja tu, nilipofika Sandamasi. Alitaka nirudie. Nikarudia. Akalisema yeye. Miaka themanini amelikwepa.

"Basi hakudanganya."

"Jina hakudanganya," nikasema.

"Hayo mengine tutamuuliza huko."

Nilimpa habari ya Léon na tahadhari yangu yote kuhusu Papa. Hakuisikia tahadhari. Nilimsikia akipiga kelele kwa mkewe: "Alimupa mutoto wake jina la Baba!" Nikaacha. Nyumba ni yake, ajenge.

Halafu nikasema kile cha msibani. Kwamba ni mimi. Kwamba nilisimama mbele ya watu nikalitafsiri jina la Baba mpaka likawa kichekesho.

Akakohoa. "Gode. Kama wangekuuliza Pierre ni nini?"

"Jiwe."

"Na hakuna mutu alicheka Pierre." Kisha akaniambia niache upumbavu, tuna kazi. Fundi anangoja maneno.

Nilipendekeza Gaudreau. Alikataa. Baba hakuitwaka hivyo hata siku moja, asije akaamka asijitambue. Na Bibi Kalwa je, aliyemlea? Tumebishana dakika arobaini, kama zamani. Jina la mama kwanza, kwa kuwa alibaki. La baba baada yake, kwa utaratibu wa kwao mwenyewe.

Jumapili, 25 Februari 2018

Picha imefika wakati wa misa, nimeifungua uani.

Saruji bado mbichi, ya kijivu kilichokolea. Fundi aliuliza *Dit* ni nani, naye pia amezikwa humu? Wakamweleza. Hakuelewa, lakini kwa heshima ameiandika kubwa kuliko maneno yote.

LEO KALWA
DIT
SANSUSI

Kaka amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, koti la harusi, miguu imevimba ndani ya kandambili. Amekonda kuliko nilivyojiandaa. Mwanawe anasema alikataa kuondoka mpaka akauke pamoja na saruji. Na kwamba aligusa herufi kabla hazijakauka. Ndani ya U kuna alama ya kidole gumba. Fundi alitaka kuisawazisha, Jerome akamfukuza.

Faustin alikuja, akasoma, akavua kofia. Kwa Faustin hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 5 Aprili 2018

Jerome amefariki Jumatatu ya Pasaka. Walizika jana.

Sikwenda. Siwezi kwenda. Karatasi yangu inanilinda kwa sharti kwamba nisirudi kule nilikokimbia. Nililijua hilo miaka yote. Wiki hii nimelielewa.

Mwanawe aliuliza msalabani waandike nini. Nimemtumia herufi moja moja asikosee. Sansusi kwa S tatu, kama ya Baba. *Dit* iwe ndogo.

Mama Sifa na wenzake wamekuja kukaa nami. Wameleta ugali, mboga ya fumbwa na dagaa wakavu, ndakala. Naomi amewapikia chai, akawahudumia kwa Kiswahili, makosa mengi, bila kuacha.

Jumatano, 13 Juni 2018

Pretoria. Baridi, mbingu kavu. Foleni fupi kuliko kawaida. Mbele yangu mwanamke wa Bujumbura akifuma soksi ya mtoto. Alipoitwa alikuwa amefika kisigino.

Fomu ile ile. Jina la ukoo, jina la kwanza. Nilikuwa nimekwisha toa rula.

Nikairudisha mkobani. Kwenye kisanduku cha majina mengine nimeandika Sansusi.

Karani aliuliza kama kuna karatasi yoyote yenye jina hilo. Nikasema ipo, lakini ni ya saruji na iko mbali. Alinitazama, akapiga muhuri, akamwita mwingine.

Kisanduku ni kidogo. Herufi ya mwisho imetoka nje ya mstari.